Mdogo Aseme Kwanza

Tangu safari ya skii ya mwezi wa Aprili, klabu yetu imegawanyika kwa sababu ya neno moja: turudi. Lilisemwa na mwanachama wa mwaka wa kwanza, mdogo kuliko wote kwa umri na mgeni kuliko wote katika mchezo huu, na watu wanane wakageuka na kushuka kwa njia waliyopandia. Hakuna aliyeumia. Hatukuona hata poromoko moja la theluji siku ile. Ndiyo maana baadhi ya wenzetu wanauliza mpaka leo: kwa nini watu wanane, watatu kati yao wenye uzoefu wa miaka mingi, waukose mteremko mzuri kwa ajili ya hofu ya mtoto?

Sisi tunaoandika hapa tulikuwamo katika wale wanane. Tunaona kwamba klabu ilifanya jambo sahihi, na tunapendekeza liwe kanuni ya safari zote za theluji kuanzia mwaka ujao wa masomo: mdogo aseme kwanza, na "turudi" ya mmoja iwe ya wote.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kupanda nasi, tueleze kwanza tunazungumzia nini. Milima ya Wasatch imesimama mashariki mwa Salt Lake City, karibu kiasi kwamba mtu anaweza kuamka mjini na kufika kwenye theluji kabla chai haijapoa kwenye chupa. Ndani ya vituo vya skii kuna lifti, na asubuhi zenye hatari wafanyakazi huiangusha theluji kwa baruti kabla mteja wa kwanza hajapanda. Nje ya vituo hakuna lifti, wala hakuna aliyekutangulia kukuangalizia. Unapanda kwa miguu yako. Chini ya skii unabandika vitambaa virefu ambavyo mpaka leo vinaitwa ngozi, kwa kuwa zamani vilikuwa ngozi za sili kweli. Vina manyoya yanayolala upande mmoja, kwa hiyo skii husonga mbele bila kurudi nyuma. Ukifika juu unabandua ngozi, unafunga kisigino, unashuka. Ni jasho la saa tatu kwa furaha ya dakika kumi, na aliyeionja hasahau. Mwaka huu tulipanda kutoka Alta kwa kufuata korongo la Grizzly Gulch, ambalo kichwa chake kiko juu ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari.

Theluji ya majira ya kuchipua ina tabia yake. Mchana jua huyeyusha tabaka la juu. Usiku, mbingu ikiwa wazi, joto hupotelea angani na maji yale huganda. Jambo hilo likijirudia siku kadhaa, theluji hugeuka punje kubwa za mviringo. Wenyeji huipa jina la mahindi. Sisi klabuni tunaiita theluji ya chenga. Alfajiri ni ngumu kama sakafu, lakini jua likiipiga saa moja au mbili, sentimita chache za juu hulegea na ukizishika mkononi ni chenga za mchele tupu. Hapo ndipo pa kuteleza. Lakini utamu huo una saa yake. Jua likizidi, maji hupenya chini, punje huachiana, na theluji yote ya mteremko inaweza kushuka kama uji uliomwagika, ila ni uji wenye uzito wa zege.

Kwa hiyo siku nzuri ya skii ya Aprili huanza gizani na kwisha kabla ya adhuhuri. Mteremko unaotazama mashariki hulegea kwanza, kisha wa kusini, kisha wa magharibi. Na usiku ukiwa na mawingu, hesabu yote huharibika. Mawingu ni blanketi: joto halitoki, maji hayagandi vizuri, na mnaanza safari asubuhi mkiwa tayari mmechelewa.

Maporomoko mengi yanayoua hutokea kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, yaani ileile inayopendwa kwa skii. Aliyefukiwa ana muda mfupi mno. Wengi wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 za mwanzo hutoka hai. Baada ya hapo matumaini hupungua haraka. Ndiyo maana kila mmoja wetu hubeba vitu vitatu: kifaa cha kuvaa kifuani kinachotoa na kupokea mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, na koleo. Kule juu hakuna gari la wagonjwa litakalowahi. Waokoaji wako ni hao uliokuja nao. Na hili si jambo la mbali: tarehe 6 Februari 2021, kwenye korongo la Millcreek, ambalo liko karibu na mji huu, poromoko moja liliua vijana wanne. Hawakuwa watu wasiojua milima.

Sasa turudi kwenye siku yetu. Usiku wa kuamkia safari kulikuwa na mawingu. Tulisoma taarifa ya maporomoko ya asubuhi kama tunavyofanya kila mara, tukakubaliana kugeuka saa nne asubuhi popote tutakapokuwa. Kwa kuwa baadhi yetu tuliokulia hapa huhesabu saa kwa Kiingereza, na saa nne yao ni ya jioni, kila mtu aliandika 10:00 kwenye utepe na kuubandika kwenye skii yake. Ilipofika saa tatu na robo tulikuwa tumebakiza mwendo wa kama dakika 20 kufika juu ya mteremko unaotazama mashariki. Yule wa mwaka wa kwanza alikuwa wa mwisho mstarini. Aliona vitu viwili. Alipokanyaga nje ya njia yetu, buti lake lilizama kupita kifundo cha mguu. Na chini ya miamba, mipira midogo ya theluji ilikuwa imeanza kubingirika yenyewe, ikiacha alama kama za magurudumu. Akaita: "Yaya, mipira inabingirika huku. Turudi." Kiongozi wetu akageuka, akachoma fimbo yake kwenye theluji, ikaingia bila kugoma. Akasema, "Haya, turudi." Mazungumzo yote hayakuchukua dakika mbili.

Malalamiko yalianza chini, kwenye chai. Wa kwanza alisema zilikuwa zimebaki dakika 45 za mpango wetu. Huyo si vigumu kumjibu: saa tuliyoiandika ilikuwa ya mwisho kabisa ya kugeuka, na theluji haikuweka sahihi kwenye utepe wetu. Wa pili alizungumza kwa upole zaidi, na ndiye anayestahili jibu refu. Alisema kwamba mtoto aliyelelewa vizuri humwachia mkubwa neno la mwisho.

Tumelelewa hivyo kweli. Wenye asili ya Tanzania tulifundishwa shikamoo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Wenye asili ya Kongo tunawaita wakubwa wetu yaya, na yaya akishasema, umesikia. Wengi wa wazazi wetu walifika Utah kama wakimbizi, na heshima ni mojawapo ya vitu vichache walivyoweza kuvivusha mipakani bila kunyang'anywa. Hatuidharau. Methali tuliyoisikia kuliko zote utotoni ni ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mara nyingi ilituokoa.

Lakini tuiangalie vizuri methali hiyo. Inazungumzia mkuu anayejua, na mdogo asiyetaka kusikia. Haisemi lolote kuhusu jambo ambalo mdogo ameliona na mkuu hajaliona. Mkuu anayetangulia mstari hupita theluji ikiwa bado ngumu. Anayefuata mwisho hupita mahali palepale dakika kadhaa baadaye, theluji ikiwa imeshapigwa jua na kukanyagwa na watu saba. Katika safari kama yetu, mdogo ana habari mpya kuliko mkuu kwa sababu tu ya mahali alipo. Akinyamaza kwa heshima, mkuu wake anaendelea kuamua kwa habari za zamani. Hiyo ni heshima gani, inayomwacha mkubwa gizani?

Watafiti wa maporomoko wamelitazama jambo hili. Ian McCammon alichambua ajali zaidi ya 700 za maporomoko nchini Marekani, akataka kujua kwa nini watu waliofundishwa dalili za hatari huingia kwenye miteremko ambayo dalili hizo ziko wazi. Alitaja mitego sita ya akili: mazoea ya mahali, kutaka kukubalika na wenzako, kushikilia mpango uliokwisha kupangwa, kumwamini anayeonekana kuwa mjuzi, ujasiri wa kuonekana na watu, na uchu wa kitu adimu. Tazameni orodha hiyo. Hakuna mtego hata mmoja unaohusu kutojua theluji. Yote sita yanahusu watu, na yote sita yalikuwapo katika kundi letu la wanane, kama yanavyokuwapo katika kila kundi.

Mfano unaosomwa sana ni wa Tunnel Creek, jimbo la Washington, tarehe 19 Februari 2012. Zaidi ya watu kumi walishuka pamoja nje ya kituo cha Stevens Pass. Miongoni mwao walikuwamo watu wanaoheshimika sana katika mchezo huu nchini Marekani. Watatu walikufa. Baadaye, baadhi ya waliopona walieleza kwamba walikuwa na wasiwasi tangu juu, hasa kwa sababu ya wingi wa watu, lakini hawakuusema. Kila mmoja aliona kwamba wakubwa wametulia, akajiambia kwamba yeye ni nani hata aseme. Hao hawakulelewa kwa shikamoo. Kwa hiyo wenzetu wasije wakasema tunaushtaki utamaduni wetu. Kunyamaza mbele ya mjuzi ni ugonjwa wa binadamu wote. Sisi tuna jina zuri zaidi la kuuficha.

Hata marubani waliugua ugonjwa huo mpaka wakautafutia dawa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana katika ukungu na watu 583 wakafa. Rubani aliyeanza kuruka alikuwa mmoja wa marubani wakuu wa shirika lake. Nyuma yake mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa kwamba ndiyo, naye hakusisitiza. Baada ya ajali hiyo na nyingine, mashirika ya ndege yalianza kufundisha mambo mawili kwa pamoja: mdogo kusema, na mkubwa kusikia. Hawakuondoa cheo cha rubani mkuu. Bado yeye ndiye rubani mkuu. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa kiti cha nyuma anayenyamaza sasa amevunja kanuni.

Wanaotupinga wana hoja nyingine yenye nguvu, nayo inasema hivi: hofu si maarifa. Asiyejua ataogopa kila kivuli, na mkimpa uwezo wa kugeuza kundi hamtafika popote. Tunakubali nusu ya kwanza. Hofu si maarifa. Lakini tupime gharama za pande mbili. Mgeni akiogopa bure, tunakosa mteremko mmoja, na mlima utakuwa palepale wiki ijayo. Mgeni akiogopa kwa haki na tusimsikie, hakuna wiki ijayo. Mizani isiyolingana hivyo haihitaji mjuzi kuisoma. Na kama kundi linarudi kila mara kwa sababu ya mtu yuleyule, tatizo si sauti yake. Ni kwamba tumempeleka mahali pasipomfaa. Dawa ni kuchagua miteremko ya chini ya digrii 30 siku tunapokuwa na wageni. Iko mingi Wasatch, na furaha yake si haba.

Kuna jambo jingine ambalo wenye uzoefu wanapaswa kulifikiria. Mlima ni mwalimu mbaya wa kusahihisha mitihani. Ukiingia kwenye mteremko wa hatari ukatoka salama, unapewa alama zote, ingawa jibu lako lilikuwa baya. Ukirudia mara ishirini, unaitwa mzoefu. Hatujui kama mteremko wetu wa Aprili ungeporomoka. Huenda tungeshuka wote wanane tukicheka. Hilo halithibitishi kitu, kama vile kuvuka barabara ukiwa umefumba macho na kufika ng'ambo hakuthibitishi kwamba macho hayana kazi. Uamuzi hupimwa kwa habari zilizokuwapo wakati wa kuamua. Usiku wa mawingu, buti linalozama, mipira inayobingirika: habari zilikuwapo, na aliyezileta ni mdogo.

Wazee wetu hawakuwa na methali moja tu. Walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huona uchafu ambao mwenye nyumba ameuzoea, na kwa macho yake mwenyeji hupata nafuu. Kwa hiyo tunapompa mgeni nafasi ya kusema, hatujaiga ustaarabu wa watu wengine. Tunachukua methali nyingine kutoka kapu lilelile.

Lugha yetu pia inatusaidia. Mwanafunzi mdogo anayemwambia mkubwa "umekosea" amemshtaki. Akisema "naogopa" amejishtaki mwenyewe. Lakini "turudi" haina mshtakiwa. Silabi ile ya mwanzo, tu-, imemweka msemaji na anayeambiwa ndani ya kitenzi kimoja, na irabi ya mwisho haijabadilika kwa kelele yoyote. Ni ombi na shauri kwa pamoja. Mdogo anaweza kulisema akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya adabu kabisa, na likafanya kazi yake. Tumejiuliza kama tungeweza kutoka mlimani kwa dakika mbili, bila mtu kuona haya, kwa lugha nyingine tunayotumia madarasani. Labda. Lakini tunajua kwamba kwa Kiswahili iliwezekana. Wanaodhani kwamba Kiswahili chetu cha ughaibuni ni cha jikoni na cha simu za bibi tu, hapa kina kazi ya maana kuliko kusifia pilau.

Hivi ndivyo tunavyopendekeza. Kwanza, asiende mtu ambaye hajahudhuria mafunzo ya utangulizi ya maporomoko na kufanya mazoezi ya kutafuta kifaa kilichofukiwa. Hofu ikipata maarifa kidogo hugeuka kuwa jicho zuri. Pili, asubuhi kabla ya kuvaa skii, na tena kila tunapopumzika, kila mtu aseme anachokiona, kuanzia mdogo mpaka kiongozi. Mkubwa akianza, wadogo wataitikia tu. Sote tumekaa kwenye vikao vya ukoo, tunajua inavyokuwa. Tatu, "turudi" ikitamkwa na yeyote, kundi linageuka. Sababu zitajadiliwa chini, kwenye chai, na hakuna atakayetaniwa kwa sababu hiyo. Nne, "turudi" ni ya kuzuia tu. Hakuna mdogo wala mkubwa mwenye uwezo wa kusema "twende" kwa niaba ya wengine. Hilo linahitaji wote.

Kiongozi hapotezi kitu hapo. Bado yeye ndiye anayesoma ramani, anayechagua njia, anayeamua nani ashuke kwanza na nani asubiri mahali salama, kwa maana hatushuki wawili kwa wakati mmoja. Tunamwongezea macho saba. Siku ile ya Aprili yaya wetu aliuliza jambo moja tu, kwa fimbo yake, na theluji ikamjibu. Heshima tuliyokuwa nayo kwake haikupungua. Ilipanda.

Walimu wetu mnaosoma gazeti hili, tunawaomba mtuunge mkono, kwa sababu mnajua kutoka darasani kwamba mwanafunzi aliyenyamaza si lazima awe ameelewa. Na ninyi wenzetu mnaopinga, njooni mkutanoni mseme, maana kanuni hii haitakuwa na maana ikipitishwa kwa kuwanyamazisha watu. Pendekezo litaletwa kwenye mkutano wa kwanza wa muhula wa Septemba, kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Tuna ombi moja dogo kwa mwenyekiti: siku hiyo, kabla ya sisi wakubwa kunyoosha mikono, aanze kuwauliza waliojiunga mwaka huo.